Kuanza Kusoma Biblia Kikatoliki: Mwongozo wa Mwanajumuiya wa Nairobi

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hukutana Jumapili saa tisa alasiri, nyumba kwa nyumba, huku Kayole. Siku moja tulikuwa kwa familia iliyofiwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa sebuleni, vingine vikatolewa hadi kwenye korido ya ploti, na mama mwenyekiti akaniomba nisome Hekima 3:1-9. Nikafungua Biblia niliyokuwa nimeinunua kwa muuzaji wa vitabu kando ya barabara mjini. Mithali, Mhubiri, Wimbo Ulio Bora, Isaya. Nikarudi nyuma, nikapekua upya. Mhubiri, Wimbo Ulio Bora, Isaya. Kitabu cha Hekima hakikuwemo. Mzee mmoja akaninyooshea ya kwake kimyakimya, ameshaifungua mahali penyewe, nami nikasoma kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu na hakuna mateso yatakayowagusa. Mjane alikuwa ameketi mbele yangu, kanga begani, ananitazama mdomoni.

Tangu siku hiyo nimekaa na watu wengi wanaotaka kuanza kusoma, wakiwemo wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wazazi wa watoto wa Komunyo ya Kwanza, na vijana waliobanwa ofisini na wenzao wa makanisa mengine kwa swali lile lile: "Hilo limeandikwa wapi?" Wengi wao imani wanayo tele. Wanachokosa ni maneno machache na historia kidogo ambayo hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza. Haya ndiyo ninayowaeleza, kwa mpangilio ninaoufuata.

Kabla ya yote, ushauri mmoja: usianze na Mwanzo sura ya kwanza huku umeapa kufika Ufunuo kabla ya Krismasi. Mwanzo itakwenda vizuri, Kutoka nayo itakwenda, halafu utafika kwenye sheria za sadaka za Walawi na hapo Biblia itarudi kabatini. Anza na masomo ya Dominika. Utaona sababu katika hatua ya sita.

Hatua ya 1: Hakikisha Biblia yako imekamilika

Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, yaani 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Biblia nyingi zinazouzwa Nairobi zina 66. Agano Jipya ni lile lile, kwa hiyo tofauti yote iko katika Agano la Kale. Vitabu saba vinavyokosekana ni Tobiti, Yudithi, Hekima ya Sulemani, Yoshua bin Sira, Baruku, na Wamakabayo cha Kwanza na cha Pili. Zaidi ya hivyo, kuna sehemu za Esta na za Danieli, kama kisa cha Suzana na wimbo wa vijana watatu katika tanuri la moto.

Namna ya kukagua ni rahisi. Ukiwa bado dukani, fungua yaliyomo utafute Tobiti. Hayupo? Rudisha. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo Wakenya wengi tumelelewa nayo na ambayo Kiswahili chake ni kitamu mno, kwa kawaida haina vitabu hivyo. Biblia Habari Njema ina matoleo mawili, moja lenye vitabu hivyo, viitwavyo vya Deuterokanoni, na jingine lisilo navyo, kwa hiyo soma jalada vizuri. Programu ya simu nayo ikague vivyo hivyo. Kisha geuza ukurasa wa kichwa cha kitabu utafute neno imprimatur. Ni Kilatini, maana yake "na kichapwe", nayo ni idhini ya mamlaka ya Kanisa. Tena chagua Biblia yenye maelezo chini ya kurasa. Kanuni ya 825 ya Sheria ya Kanisa inataka Biblia zichapwe zikiwa na maelezo ya kutosha, na mtu anayeanza atayahitaji kila siku. Duka la vitabu vya Kikatoliki karibu na Basilika ya Familia Takatifu mjini na maduka ya masista wa Paulines ni mahali pazuri pa kuulizia.

Hapa ndipo maneno matatu ya kwanza yanapoingia.

Kanuni ni orodha rasmi ya vitabu ambavyo Kanisa linavikiri kuwa Maandiko Matakatifu. Neno lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ya awali ni ufito wa kupimia. Deuterokanoni ni jina la vile vitabu saba pamoja na zile sehemu za Esta na Danieli. Linatokana na "kanuni ya pili", na wengi hudhani maana yake ni vitabu vya daraja la pili. Sivyo. Ni vitabu ambavyo kukubalika kwake kulijadiliwa zaidi, lakini uzito wake ni sawa na wa vingine. Apokrifa ndilo neno linaloleta mabishano mengi ya bure kwenye matatu. Ndugu zetu Waprotestanti huliita hivyo lile kundi la vitabu saba. Mkatoliki akisema apokrifa anamaanisha maandishi mengine kabisa, kama vile ile iitwayo Injili ya Tomaso, ambayo haimo katika Biblia ya Mkatoliki wala ya Mprotestanti. Watu wawili wanaweza kubishana kutoka Umoja hadi mjini kumbe kila mmoja anazungumzia vitabu vyake.

Tofauti ilitoka wapi? Katika karne ya tatu kabla ya Kristu, Wayahudi wengi wa Aleksandria huko Misri walikuwa wanaongea Kigiriki. Maandiko yakaanza kutafsiriwa kwa lugha hiyo, na tafsiri ile ikaitwa Septuaginta, yaani Sabini, kwa kuwa mapokeo yalisimulia kuwa wazee sabini na wawili walitafsiri Torati. Hiyo ndiyo Biblia waliyokuwa nayo Wakristo wa kwanza waliosema Kigiriki, na waandishi wa Agano Jipya huinukuu mara nyingi. Chukua Isaya 7:14. Neno la Kiebrania pale ni almah, mwanamke kijana. Septuaginta ikaandika parthenos, bikira. Mathayo alipoandika juu ya Maria katika 1:23, alifuata Septuaginta. Vitabu vya Deuterokanoni vilisafiri ndani ya Biblia hiyo hiyo ya Kigiriki.

Sinodi za Afrika Kaskazini, yaani mikutano ya maaskofu, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, zilitoa orodha yenye vitabu hivyo. Kwa hiyo anayekuambia kuwa Wakatoliki waliviongeza kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1546, mjibu kwa upole kwamba Trento ilithibitisha rasmi orodha iliyokuwa ikitumika zaidi ya miaka elfu moja. Hata Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534, aliviweka katikati ya Maagano mawili, akavitenga na vingine lakini bila kuvitoa. Na kati ya hati za kale zilizogunduliwa Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947, kulipatikana vipande vya Tobiti kwa Kiaramu na Kiebrania.

Nakuambia haya yote kwa sababu vitabu hivi utakutana navyo siku ambazo moyo wako uko wazi kabisa. Sala ya Tobia na Sara usiku wa ndoa yao, Tobiti 8:4-8, ni moja ya masomo yanayoweza kuchaguliwa kwa Misa ya arusi. Na mazishini huweza kusomwa 2 Wamakabayo 12:43-46, ambapo Yuda Makabayo anachangisha kwa askari wake drakma 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya wenzao waliokufa vitani. Sisi tunaojua mchango wa mazishi ni nini, tunaokaa matanga jioni baada ya jioni kabla ya mwili kusafirishwa nyumbani, tunaelewa andiko hilo bila mtu kutufafanulia.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma namba

Hii ni fupi, lakini usiiruke. Ukiona Tob 8:4b-8, hiyo ni Tobiti, sura ya 8, kuanzia nusu ya pili ya aya ya 4 hadi aya ya 8. Herufi a na b hugawa aya. Mkato hutenganisha aya za sura moja, kistari huziunganisha.

Sura na aya hazikuandikwa na mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia hupewa jina la Stephen Langton, msomi wa Kiingereza wa mwanzoni mwa karne ya 13, na aya za Agano Jipya zilipangwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Kwa hiyo usikubali sura ikukate pumzi mahali ambapo mwandishi hakukusudia. Simulizi la kwanza la uumbaji haliishi mwisho wa Mwanzo 1. Linaendelea hadi 2:4a, kisha simulizi la pili linaanza kwenye 2:4b.

Zaburi zina mtego wake. Kigiriki kiliunganisha Zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja, hivyo kuanzia hapo sehemu kubwa ya kitabu, hesabu ya Kigiriki na Kilatini iko nyuma kwa moja. "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 kwa Kiebrania na ya 22 kwa Kigiriki. Ukikuta namba mbili, moja ikiwa kwenye mabano, si kosa la mpiga chapa.

Hatua ya 3: Shika maneno manne

Ufunuo. Siyo kitabu cha mwisho tu. Kwanza kabisa ni tendo la Mungu kujifunua kwetu, yeye mwenyewe na mpango wake, kwa matendo na kwa maneno, hadi kilele chake ambacho ni Yesu Kristu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iitwayo Dei Verbum, yaani Neno la Mungu, iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, inaanzia hapo hapo. Ina sura sita tu. Ukiwa tayari, hiyo ndiyo hati ya kwanza ya Kanisa ningekuomba uisome yote.

Uvuvio. Neno hili Kiswahili kimetutendea wema, maana ukilisema unasikia pumzi ndani yake: kuvuvia. Paulo anamwambia Timotheo, "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho." Mungu ndiye mtunzi wa Maandiko, na wanadamu walioandika nao ni watunzi wa kweli. Hawakuwa makarani walioandikishwa neno kwa neno. Luka anasema wazi mwanzoni mwa Injili yake kwamba alichunguza mambo yote kwa uangalifu kabla ya kuandika. Na mwandishi wa 2 Wamakabayo, katika sura ya 2, anaeleza jinsi alivyofupisha vitabu vitano vya Yasoni wa Kirene kuwa kimoja, kazi iliyomgharimu jasho na usingizi. Mimi napenda sana aya hizo. Mtu anakesha, taa inawaka, anahangaika na sentensi zake, na Roho Mtakatifu yumo kazini mle mle. Ndiyo maana pia Dei Verbum inasema Maandiko yanafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Biblia haikuandikwa iwe kitabu cha jiolojia.

Mapokeo. Hapa wengi hufikiria desturi, kama vile rangi ya sare za kwaya. Mapokeo Matakatifu, kwa M kubwa, ni imani ya mitume inayopokezwa katika Kanisa kwa mahubiri, kwa liturujia na kwa maisha. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wathesalonike, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa kati ya maandishi ya kale kabisa ya Agano Jipya, iliandikwa karibu mwaka 50. Ina maana kwa takriban miaka ishirini baada ya ufufuko Kanisa lilihubiri, likabatiza na kuumega mkate bila ukurasa hata mmoja wa Agano Jipya mkononi. Paulo mwenyewe anaandika: "mkayashike mapokeo mliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu." Ni 2 Wathesalonike 2:15. Iweke kichwani, kwa maana utaulizwa.

Majisterio. Ni mamlaka ya kufundisha, ambayo wanayo maaskofu wakiwa katika umoja na Baba Mtakatifu. Kazi yake ni kulifafanua Neno kwa uaminifu, na Dei Verbum, namba 10, inatamka kwamba Majisterio haiko juu ya Neno la Mungu bali hulitumikia. Nikieleza neno hili humkumbuka Mwafrika wa kwanza anayeonekana akisoma Biblia ndani ya Biblia, yule towashi wa Ethiopia katika Matendo 8. Yuko garini, njiani kutoka Yerusalemu, anasoma Isaya. Filipo anamuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Naye anajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Alikuwa mtu mkubwa serikalini, mwenye mamlaka juu ya hazina yote ya malkia wake, na hakuona aibu kumkaribisha Filipo apande aketi naye.

Hatua ya 4: Uliza kwanza ni maandishi ya aina gani

Hatua hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote. Neno Biblia lenyewe linatokana na Kigiriki cha "vitabu", kwa wingi. Umebeba maktaba. Ndani yake mna sheria, mashairi, orodha za ukoo, barua, mifano, nyimbo za mapenzi, maombolezo, historia, na maono yenye wanyama wa pembe kumi.

Sisi Waswahili hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Ukisikia "hapo zamani za kale", unajua papo hapo kuwa sungura atasema, na hakuna anayeuliza sungura gani alisomea wapi. Ukisikia utenzi, unajua mizani na vina vinafanya kazi yake. Taarifa ya habari unaisikiliza kwa sikio jingine. Aina ya utungo inakuambia ukweli wake umekaa wapi.

Chukua methali. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, walijipinga? Kila methali ina siku yake, na hekima ni kujua leo ni siku ya ipi. Sasa fungua Mithali 26. Aya ya 4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Aya ya 5, bila hata nafasi ya kupumua, inasema mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Nimewahi kuona mtu akizitoa aya hizi mbili kama ushahidi kwamba Biblia inajigonga. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake kwa methali angemwelewesha kwa dakika moja.

Papa Pio XII, katika waraka wake Divino Afflante Spiritu wa mwaka 1943, aliwahimiza wasomi Wakatoliki warudi kwenye lugha za asili na wachunguze aina za uandishi za watu wa kale. Basi Mkatoliki anayeuliza kama Mwanzo 1 imetungwa kama wimbo mkuu wenye kibwagizo, "ikawa jioni ikawa asubuhi", haikosei heshima Biblia. Anafanya alichoombwa na Kanisa.

Kwa Injili, ongeza neno moja: Injili Ndugu. Ni Mathayo, Marko na Luka, ambazo zinafanana sana kwa mpangilio na hata kwa maneno. Yohana anakwenda njia yake. Kanisa linafundisha kwamba Injili zilipitia ngazi tatu, yaani maisha na mafundisho ya Yesu mwenyewe, kisha mahubiri ya mitume, na mwisho uandishi wa Wainjili, waliochagua na kupanga yale waliyopokea. Ndiyo maana hotuba ile ile iko mlimani kwa Mathayo na mahali tambarare kwa Luka.

Hatua ya 5: Jua miaka michache tu

Iandike kwenye karatasi uitie ndani ya jalada la Biblia yako. Mwaka 722 KK Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, inaanguka mbele ya Waashuri. Mwaka 587 KK Wababuloni wanaliteketeza Hekalu la Yerusalemu na watu wanapelekwa uhamishoni. Mwaka 538 KK Koreshi wa Uajemi anawaruhusu kurudi. Mwaka 167 KK mfalme Antioko wa Nne wa Siria anatia unajisi Hekalu, na Wamakabayo wanaasi. Mwaka 63 KK Warumi wanaingia Yerusalemu. Mwaka 70 BK Warumi wanalibomoa Hekalu la pili.

Ukimsoma nabii, jiulize swali moja tu: ni kabla, wakati, au baada ya uhamisho? "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu" katika Isaya 40 linasikika tofauti ukijua limesemwa kwa watu walioona mji wao ukiungua.

Hatua ya 6: Fuata kalenda ya Kanisa

Masomo ya Misa yamepangwa katika kitabu kiitwacho Leksionari. Mpangilio tulio nao ulitolewa mwaka 1969 baada ya Mtaguso. Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu. Mwaka A ni wa Mathayo, Mwaka B wa Marko, Mwaka C wa Luka. Yohana husomwa zaidi katika Kwaresima na Pasaka, na katika Mwaka B sura yake ya 6, ya Mkate wa Uzima, huchukua Dominika tano mfululizo. Siku za wiki za Kipindi cha Kawaida, yaani nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, zina mizunguko miwili, wa I kwa miaka witiri na wa II kwa miaka shufwa.

Ukitaka kujua uko mwaka gani, gawanya mwaka kwa 3. Ukigawanyika bila baki, ni C. Mwaka 2025 ulikuwa C, 2026 ni A, 2027 ni B. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, wiki chache kabla ya Januari.

Sasa fanya hivi. Jumatano au Alhamisi jioni soma Injili ya Dominika inayokuja. Kisha soma Somo la Kwanza ukitafuta linagusana wapi na Injili, kwa kuwa katika Kipindi cha Kawaida limechaguliwa ili liitikiane nayo. Zaburi ya wimbo wa katikati ni jibu letu kwa somo hilo. Somo la Pili hufuata barua za mitume kwa mfululizo, kwa hiyo usihangaike kulilazimisha lifanane na mengine. Wakati wa Pasaka Somo la Kwanza hutoka Matendo ya Mitume. Ukifika kanisani Jumapili, utasikia mahubiri kama mtu aliyeshaonja chakula jikoni. Kama mchana kutwa uko kazini au barabarani, Radio Waumini, 88.3 FM, itakusaidia usipoteze siku.

Hatua ya 7: Chukua kifungu kimoja, ukae nacho

Tuchukue Kutoka 14, Waisraeli wanavuka bahari. Katika mkesha wa Pasaka kuna masomo tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya. Padre anaweza kupunguza ya Agano la Kale, lakini hili halirukwi kamwe.

Anza na maana ya maneno yenyewe, inayoitwa maana halisi, ambayo ndiyo msingi wa nyingine zote. Nani anakimbia, nani anafukuza, nani anasema? Angalia aya za 11 na 12, watu wanavyomlalamikia Musa: kwani Misri hapakuwa na makaburi? Angalia aya ya 21, upepo wa mashariki unavuma usiku kucha. Mtu asiyesoma polepole hukosa upepo huo na kuona ajabu ya dakika moja. Andiko linasema usiku kucha.

Kisha nenda kwenye maana ya kiroho, ambayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 115 hadi 119, inaigawa katika tatu. Ya kwanza hutazama tukio katika Kristu: kuvuka bahari ni alama ya ushindi wake na ya Ubatizo, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 10. Ya pili ni ya maadili, yaani andiko linaniongozaje kutenda. Ya tatu inatazama mwisho wa safari, uzima wa milele, na jina lake ni gumu, anagojia. Usihofu jina. Ukisimama gizani na mshumaa mkononi usiku ule wa Pasaka, maji ya Ubatizo yakisubiri kubarikiwa, utaona maana zote nne zimesimama pamoja nawe.

Ili usipotee katika kutafuta maana hizo, Dei Verbum, namba 12, inatoa vipimo vitatu. Soma kifungu ukizingatia umoja wa Biblia nzima. Kisome ndani ya Mapokeo hai ya Kanisa lote. Na ukilinganishe na kweli nyingine za imani. Tafsiri inayokuambia uuze kila kitu umpe mhubiri mmoja hukwama kwenye vipimo vyote vitatu, hata ikiwa imepakwa aya kumi.

Baada ya kuchunguza, sali. Njia ya kale huitwa lectio divina, usomaji wa kimungu: soma, tafakari, sali, kaa kimya mbele za Mungu. Papa Benedikto XVI aliieleza katika Verbum Domini mwaka 2010 na kusisitiza kuwa haijakamilika mpaka ifike kwenye matendo.

Hatua ya 8: Peleka ulichosoma jumuiyani

Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana hapa Nairobi wakazungumzia ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Sebule zetu za Jumapili ni matunda ya njia hiyo. Wengi tunatumia hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, nami nimeziona zikifanya kazi hata kwa watu wasiojua kusoma. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala. Injili inasomwa. Kila mtu anarudia kwa sauti neno au kifungu kifupi kilichomgusa, bila kueleza kwa nini. Tunanyamaza, dakika tatu au tano. Kisha tunashirikishana kilichosemwa moyoni, na hapa hakuna kuhubiri wala kusahihishana. Halafu tunajiuliza jumuiya itafanya nini wiki hii, nani mgonjwa, nani hajaonekana, nani amefungiwa nyumba kwa kodi. Mwisho tunasali kwa pamoja.

Kati ya hatua hizo saba, ya tatu, ya kurudia neno, ndiyo watu huiharibu kwa haraka. Waachie nafasi. Bibi mmoja wa kwetu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwahi kurudia maneno matatu tu ya Injili ya Emau, "kaa pamoja nasi", mara tatu, akatulia. Hakuna aliyeongeza neno kwa muda mrefu.

Ukifika mahali swali limekushinda, liandike, umpelekee katekista au paroko, maana mabishano ya sebuleni yatakuchosha bure. Ukitaka kusoma kwa undani zaidi, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kiko Lang'ata, na chuo cha Tangaza hakiko mbali nacho. Waulizie masomo yanayomfaa mlei mwenye kazi.

Jumapili, njoo na Biblia yenye vitabu 73, kalamu, na kidaftari. Fika mapema usaidie kupanga viti. Tukimaliza sala ya mwisho, mama mwenyekiti atasema, "Tumsifu Yesu Kristu", tutajibu, "Milele na milele, amina", na atatangaza nyumba ya wiki ijayo.